Kifaru, Mpagazi na Skeli Moja

Ujerumani haikuwahi kuleta kifaru Songea. Kifaru cha kwanza duniani kiliingia vitani tarehe 15 Septemba 1916 huko Ufaransa, nacho kilikuwa cha Waingereza. Mwezi huohuo majeshi yao yaliuchukua mji wa Songea yakitembea kwa miguu. Wajerumani walipounda kifaru chao, A7V, na kukipeleka vitani kwa mara ya kwanza tarehe 21 Machi 1918, kikosi chao cha Afrika Mashariki, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, kilikuwa kimeshavuka Mto Ruvuma tangu Novemba 1917 na kilikuwa kinahangaika Msumbiji. Kwa hiyo kijana wa Songea anayekaa mezani kutengeneza mfano wa A7V anatengeneza kitu ambacho mababu zake hawakukiona. Tueleze kwanza kazi yenyewe inavyokwenda, kisha tuulize ina faida gani ikifanyikia hapa.

Mfano wa skeli ni kitu kidogo ambacho kila kipimo chake hupatikana kwa kugawa kipimo cha kitu halisi kwa namba moja isiyobadilika. Skeli ya 1:35, inayosomwa moja kwa thelathini na tano, ina maana kwamba sentimita 1 ya mfano inawakilisha sentimita 35 za kifaru chenyewe. Aliyesoma ramani darasani ameshaizoea kanuni hii. Kigari cha waya anachokitengeneza mtoto kinaweza kufanana na lori kiasi cha kumfurahisha kila mtu na bado kisiwe mfano wa skeli, kwa sababu magurudumu yake yalikadiriwa kwa macho, hayakupatikana kwa hesabu.

Kwa nini 35, wala si 30 au 40? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza mfano wa kifaru cha Kijerumani cha Panther uliokuwa na mota ndani yake. Ukubwa wake uliamuliwa na nafasi iliyohitajika kwa betri, nao ulipopimwa ukaonekana uko karibu na 1:35. Viwanda vingine vilifuata, na leo hii ndiyo skeli ya kawaida ya mifano ya vifaru na askari. Faida yake ni hiyo ya kuwa ya wengi: vitu viwili vilivyotengenezwa na watu wasiojuana vinaweza kusimama pamoja na kulinganishwa kwa haki.

Sasa hesabu. A7V ilikuwa na urefu wa mita 7.34, upana wa mita 3.1 na kimo cha mita 3.3. Tukigawa kwa 35 tunapata milimita 210 kwa urefu, milimita 89 kwa upana na milimita 94 kwa kimo. Ni kitu cha kuenea juu ya daftari. Deraya, yaani mabamba ya chuma yanayokinga risasi, ilikuwa na unene wa milimita 30 upande wa mbele; kwenye mfano hiyo ni kama milimita 0.86. Hapa ndipo wengi hukosea. Hupima vizuri urefu na upana, kisha wakachukua kadibodi yoyote iliyo karibu kana kwamba unene hauna skeli.

Unene wa kadibodi hupimwa hivi. Kata vipande 10 kutoka boksi moja, vipange kimoja juu ya kingine, vibane vizuri bila kuviponda, kisha pima rundo lote kwa rula ya chuma. Rundo likiwa milimita 5, kila kipande ni nusu milimita. Kipande kimoja chembamba kikikosa unene unaotakiwa, gundisha viwili kwa gundi ya mbao iliyopakwa nyembamba, uviweke chini ya kitu kizito usiku kucha. Ukataji hufanywa kwa wembe mpya, kwa kupitisha mara tatu au nne kwa mkono mwepesi. Anayekata kwa mpigo mmoja hupata ukingo uliovimba, na ukingo uliovimba kwa nusu milimita ni kosa la milimita 17.5 kwenye kifaru halisi.

Urefu ukigawanywa kwa 35, eneo hugawanywa kwa 35 mara 35, yaani 1,225, na ujazo kwa 42,875. Kifaru cha tani 30, kama mfano wake ungekuwa wa chuma kilekile sehemu kwa sehemu, kingekuwa na uzito wa gramu 700 hivi. Wa kadibodi utakuwa mwepesi zaidi. Kwa hiyo chochote ambacho uzito hukifanya wenyewe kwenye kifaru halisi, kama minyororo kulegea au udongo kudidimia chini yake, kwenye mfano lazima kifanywe kwa mkono.

Wanaoanza huvutiwa na Tiger wa Vita vya Pili, na si ajabu: mmoja wao, wenye namba 131, ulitekwa na Waingereza Tunisia mwaka 1943 na leo uko kwenye makumbusho ya Bovington, Uingereza. Lakini Tiger una mnara wa mzinga unaozunguka, na magurudumu yake yamepandana safu kwa safu. A7V ni sanduku la mabamba bapa. Mzinga wake wa milimita 57 umetokeza mbele bila mnara unaozunguka, bunduki sita za rashasha zimetokeza ubavuni na nyuma, na sehemu kubwa ya minyororo imefichwa na mabamba ya pembeni. Kadibodi inaliweza sanduku. Anza na fremu ya ndani yenye pembe mraba kamili, vika mabamba, na umalizie na ribiti, vile vichwa vya misumari ya chuma vinavyounga bamba na bamba. Ribiti moja ni tone la gundi lililowekwa kwa ncha ya kijiti cha meno juu ya mstari uliochorwa kwa penseli. Tone likikauka hubaki kibonge kidogo kinachoonekana vizuri rangi ikishapakwa. Ni mamia ya matone.

Swali gumu zaidi halihusu mikono: ribiti hizo ziwekwe wapi? A7V zilizoundwa zilikuwa 20 tu. Mabamba yake yalitoka viwanda viwili, Krupp na Röchling, na mistari ya maungio haikufanana. Hivyo hakuna mfano wa “A7V” kwa jumla. Kuna mfano wa kifaru fulani, siku fulani. Kimebaki kimoja tu duniani, namba 506, kinachoitwa Mephisto, na kiko Brisbane, Australia. Tarehe 24 Aprili 1918, karibu na Villers-Bretonneux huko Ufaransa, siku ambayo vifaru vilipambana na vifaru kwa mara ya kwanza katika historia, Mephisto alinasa katika shimo la kombora akaachwa. Askari wa Australia walimvuta Julai mwaka huohuo. Mbele yake Wajerumani walikuwa wamechora shetani akikimbia na kifaru cha Kiingereza kwapani. Waaustralia nao wakaongeza picha ya simba aliyeweka mguu juu ya A7V. Ukimchora simba huyo, mfano wako umeshakuwa wa kifaru kilichotekwa. Ukimwacha shetani peke yake, umerudi nyuma hadi kabla ya Julai. Kila alama ni kauli kuhusu tarehe, na fundi lazima aweze kuonyesha ushahidi wake: picha, mchoro au kitu chenyewe. Asichokuwa na ushahidi nacho, ni afadhali aache bamba tupu.

Skeli na ushahidi vinatawala rangi pia. Jicho lililo sentimita 30 kutoka kwenye mfano ni sawa na jicho lililo mita 10.5 kutoka kwenye kifaru, na hewa ya katikati hufifisha rangi. Ndiyo maana mafundi huongeza nyeupe kidogo kwenye rangi waliyoiona kwenye chuma. Halafu vumbi. Udongo wetu mwekundu uko mlangoni, unachekechwa kwa kitambaa bila gharama, na kishawishi cha kuupaka kwenye minyororo ni kikubwa. Mephisto hakuukanyaga. Alipigana katika nchi ambayo chini ya udongo wake kuna chokaa, na tope lake huelekea rangi ya kijivu cheupe. Vumbi jekundu litamhamishia kifaru huyo Ruvuma, mahali ambapo hakuwahi kufika.

Mfano uliofuata skeli hulipa kwa kuonyesha jambo ambalo maneno hulieleza kwa shida. Tumbo la A7V lilikuwa sentimita 20 hivi tu kutoka ardhini. Kwenye mfano ni chini ya milimita 6. Weka penseli ya kawaida, yenye unene wa milimita 7, mbele ya mfano ulio mezani, kisha usukume taratibu. Tumbo linagonga penseli. Kifaru cha askari 18, injini mbili za Daimler na tani 30 kilikuwa kinazuiwa na kitu cha sentimita 25, katika uwanja wa vita uliojaa mashimo na mahandaki. Baada ya hapo habari ya Mephisto kunasa haishangazi.

Turudi Songea. Mwishoni mwa Septemba 1918 Lettow-Vorbeck alivuka tena Ruvuma kutoka Msumbiji, akapita karibu na Songea kuelekea Njombe, na tarehe 25 Novemba akasalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Aliyekuwa na hamu ya silaha nzito ya vita hivyo hapa kwetu angeutazama mzinga wa meli ya Königsberg, iliyozamia delta ya Rufiji Julai 1915. Bomba lake la mita 4.2 ni milimita 120 kwenye skeli yetu, na mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, ambako mtu anaweza kuukagua kwa macho yake. Lakini Oktoba 1918 kikosi kilichopita Songea hakikuwa tena na mizinga hiyo. Waliosalimu amri Abercorn walikuwa Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168 na wapagazi wapatao 3,500. Chombo kilichobeba vita hivyo, risasi, chakula na dawa, kilikuwa kichwa cha mpagazi.

Mpagazi naye ana skeli. Mtu wa mita 1.70 ni milimita 49. Anafika nusu tu ya kimo cha A7V. Mavazi yake yanahitaji ushahidi kama ribiti zinavyouhitaji. Pa kuanzia ni sanamu ya mpagazi iliyosimama Nairobi pamoja na wenzake askari, kwani sanamu ya Dar es Salaam ina askari peke yake. Hapa ndipo udongo mwekundu ulio mlangoni unakuwa sahihi, ukiwa mkavu, kwa sababu Oktoba mvua bado. Miguu iwe na vumbi, si tope. Na miyombo ya pembeni ipewe majani machanga yenye wekundu, kwa maana huchipua kabla ya mvua kunyesha.

Sasa tuvipange vyote kwa skeli ileile. A7V zote 20 zilizowahi kuundwa, zikifuatana pua kwa mkia, ni mita 147. Kwenye mfano ni mita 4.2, zinaenea ukutani mwa darasa moja. Wapagazi 3,500 wakitembea kwa mstari mmoja, tukimpa kila mmoja mita 2, ni kilomita 7. Kwenye mfano ni mita 200, watu wa milimita 49 mmoja nyuma ya mwingine. Hapo ni baada ya miaka minne ya vita, kundi likiwa limeshapungua, na bila kuhesabu upande wa Waingereza ambao wapagazi wake waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu laki moja.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kijana huyo aendelee na kifaru chake, kwa kuwa ndicho kitakachomfundisha kupima, kukata na kudai ushahidi. Kisha atengeneze wapagazi, kwa uangalifu uleule wa ribiti. Wapagazi 50 wa kwanza watahitaji ubao wa mita 2.9, na A7V iwekwe juu ya ubao wake mwenyewe, pembeni yao.