Kanisa la Arusha na Mlinzi wa Getini

Kata ya Oldonyo Sambu iko upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Meru, kandokando ya barabara iendayo Namanga. Upande huu ni mkavu kuliko ule wa kusini wenye migomba na kahawa, na maji yake yanasumbuliwa na floraidi, madini yanayotia meno rangi ya kahawia na, yakizidi, hudhuru mifupa. Ardhi nayo haiongezeki: shamba la babu hugawanywa kwa wana, likagawanywa tena kwa wajukuu, hata kijana akabaki na kipande kisichomlisha. Ndiyo maana vijana wanashuka mjini. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya 2022 ilihesabu 617,631. Huo ni ukuaji wa karibu asilimia 4 kwa mwaka, wakati taifa zima lilikua kwa asilimia 3.2. Kwa hiyo anayetaka kuzungumzia huduma ya Kikristo mjini Arusha lazima aangalie pia vijiji vinavyoujaza mji huo.

Wengi wa vijana hawa huwa walinzi, dada wa kazi, vibarua wa ujenzi, machinga au madereva wa bodaboda. Taratibu za makanisa yetu, kwa upande mwingine, zilipangwa kwa ajili ya mtu mwenye makazi ya kudumu na Jumapili yake mwenyewe. Jina lake limo katika daftari la usharika au parokia, bahasha yake ya ahadi inajulikana, na jumuiya inakutana sebuleni kwake. Mlinzi anayetoka zamu Jumapili alfajiri anahitaji kulala. Dada wa kazi anabaki nyumbani na watoto wadogo ili familia ya bosi iwahi ibada. Hawakuliasi kanisa, ratiba tu ndiyo iliyowaacha nje.

Historia ya Mlima Meru inaonyesha kwamba mambo yanaweza kuwa tofauti. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walianza vibaya: wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, kwenye miteremko ya mlima huo, mwaka 1896. Hata hivyo kazi iliendelea, na kufikia mwaka 1904 kulikuwa na kituo Ilboru, miongoni mwa Waarusha, kabla jiji tunalolijua halijakuwapo. Kanisa lilikwenda walikokuwa watu. Mbali na mlima huo pia, katika miaka ya 1960 padri Mkatoliki Vincent Donovan, wa shirika la Roho Mtakatifu, alizifuata boma za Wamasai huko Loliondo badala ya kusubiri waje misheni. Lakini mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu Wamasai na Kanisa Katoliki, ameonyesha kwamba mapadri waliwalenga wanaume, na walioitikia kwa wingi wakawa wanawake. Sasa kijana wa kimorani ambaye misheni ilimtafuta bomani bila mafanikio makubwa amekuja mjini mwenyewe, na huenda analinda geti la mzee wa kanisa.

Hapo ndipo penye uzito wa hoja. Mazungumzo mengi kuhusu kanisa na matatizo ya jamii huyaweka matatizo hayo mitaani, mbali na madhabahu: ulevi, dawa za kulevya, vijana wasio na kazi. Lakini waajiri wengi wa walinzi na dada wa kazi ni waumini wanaoketi viti vya mbele. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, inataka mfanyakazi apumzike saa 24 mfululizo kila wiki, na inataka kazi ya usiku ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Je, ni mahubiri mangapi yamewahi kuuliza kama dada wa nyumbani anapata siku hiyo moja?

Wako watakaosema kwamba kazi ya kanisa ni Injili, na mishahara iachiwe serikali. Hoja hiyo haisimami mbele ya Waraka wa Yakobo, ambao katika sura ya 5 unawakemea matajiri waliozuia ujira wa vibarua wao. Wengine watasema kijana wa Oldonyo Sambu ana kanisa lake kijijini, arudi huko kusali. Umbali si mkubwa, kweli. Lakini nauli ni pesa, na ruhusa ni ya bosi. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba sharika za mjini tayari zina madeni ya ujenzi na haziwezi kubeba mradi mwingine. Ni kweli, ila linalotakiwa hapa si jengo. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, zinaweza kukutana popote. Hakuna kinachozuia moja ikutane Jumatano saa nane mchana, karibu na mahali walinzi wanapoishi.

Basi hatua zinazohitajika ni za kawaida kabisa. Mchungaji au padri wa Oldonyo Sambu ampe kijana anayeshuka mjini barua ya utambulisho, na ampigie simu mwenzake wa Arusha. Usharika wa mjini uwe na mzee mmoja mwenye jukumu la kuwapokea. Kabla ya kumpa mtu uongozi, kanisa liulize anavyoishi na wafanyakazi wake, kama linavyouliza kuhusu ndoa yake. Nawe msomaji, kama una mtu anayelinda geti lako au kulea watoto wako, mpe siku yake ya mapumziko wiki hii, na umlipe haki yake yote mwisho wa mwezi.