Vitabu Visivyomtoka Mtu Moyoni

Wahenga walinena kuwa mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Kwa mwenye duka neno hili halina upinzani. Lakini katika mambo ya vitabu sisi watu wa pwani tuna ushahidi wa namna nyingine: kwamba mali yaweza kukaa miaka mingi bila ya daftari, na daftari nalo laweza kuwekwa kabatini, likashika vumbi, na mali yake ikatoweka.

Wasomaji wapenzi, suali letu leo ni hili. Kwa nini kitabu kimoja mtu hukisoma na kukifunga, na juma la pili halijafika akawa hakumbuki hata jina la mtungaji. Na kingine, alichokisoma au kusomewa angali mtoto, kikamwandama mpaka mvi zikamtoka?

Ukipita mitaa ya Makadara baada ya swala ya alasiri huwezi kusema kuwa vitabu vimeadimika. Utawakuta watoto wakienda chuoni na juzuu zao, na wakubwa wao wakirudi skuli na mikoba iliyojaa vitabu vya mtihani. Siku ya Ijumaa vitabu vya dua na nyiradi hutandazwa nje ya misikiti. Vitabu viko. Kilicho adimu ni kitabu ambacho mtu, akifikwa na msiba au furaha, maneno yake humjia mdomoni pasina kuyatafuta.

Chuo na chuo

Lugha yetu wenyewe ina fununu ya jawabu. Katika Kiswahili cha zamani cha Mvita na Lamu kitabu kiliitwa chuo. Pahala watoto wanaposomea paliitwa chuo vile vile. Na mtu aliyebobea katika elimu akaitwa mwanachuoni. Neno moja lilibeba yote hayo kwa kuwa yenyewe hayakutengana. Kitabu hakikuwa kitu cha mtu kujifungia nacho chumbani. Watu walikaa kitako mbele yake, mmoja akasoma kwa sauti, na wengine wakasikiliza na kuitikia.

Chukua mfano wa Barzanji, maulidi aliyoyatunga Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina katika karne ya 18. Yako kwa Kiarabu, na wengi wanaoyahudhuria huku kwetu Kiarabu hawakisemi. Hata hivyo, msomaji akifika penye kisimamo, hapana anayehitaji kuambiwa ainuke. Ziko rai mbali mbali juu ya maulidi, na si kazi ya ukurasa huu kuziamua. Lakini ukitaka kujua kitabu kilichoingia mpaka mwilini mwa wasikizi wake, hicho ni kimoja.

Diwani iliyokaa vinywani

Ushahidi mkubwa zaidi tunao hapa hapa kisiwani. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, malenga wa Mvita, alifariki dunia yapata mwaka 1840. Alitunga juu ya vita na mapenzi, juu ya shibe na njaa, na katika ugomvi wa Wamazrui na Sayyid Said bin Sultan alisimama na Wamazrui kwa ulimi wake. Alipokufa hakuacha diwani iliyopigwa chapa.

Kwa kanuni ya daftari, mashairi yale yangepotea. Hayakupotea. Yalikaa katika vinywa vya watu wa mji, waliokuwa wakiyatumia kujibizana, kuaswana na kuchekana. Yapata miaka 40 au 50 baada ya kufa kwake, mwanachuoni wa hapa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, aliyakusanya na kuyafafanua, akishirikiana na padri wa Kiingereza W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zikaishia London, na mwaka 1940 William Hichens akaitoa Diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz naye akatoa kitabu chake juu ya Muyaka mjini Nairobi.

Basi hesabu mwenyewe, msomaji. Tangu kufa kwa Muyaka hadi diwani kuchapwa ni kiasi cha miaka 100. Kitabu kiliwakaa watu moyoni kabla ya kuwa kitabu.

Jambo hili halikutokea Mvita pekee. Huko Urusi, mshairi Anna Akhmatova alitunga utungo mrefu uitwao “Requiem” katika miaka ambayo mwanawe alikuwa kifungoni, na kuuweka nyumbani kwa maandishi ilikuwa hatari ya roho. Aliandika beti kwenye kipande cha karatasi, rafiki akazihifadhi kwa moyo, kisha karatasi ikachomwa moto. Utungo huo ulichapwa Munich mwaka 1963, na katika nchi yake mwenyewe mwaka 1987. Vichwa vya marafiki wachache ndivyo vilivyokuwa maktaba yake.

Karatasi za jela

Mvita nayo ina kisa cha mshairi na jela. Mwishoni mwa mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, aliyekuwa akifanya kazi ya hesabu katika Baraza la Mji, alikamatwa kwa sababu ya waraka alioupa jina la Kenya: Twendapi? Alifungwa miaka 3, sehemu kubwa akiwa peke yake. Kuandika hakuruhusiwa, akaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972, na mwaka uliofuata Oxford University Press ikayachapa mashairi hayo kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu kikapewa Tunzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tunzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtungaji.

Kisa hiki pekee chatosha kukifanya kitabu kisahaulike kwa taabu. Lakini visa vya ajabu ni vingi na husahauliwa vile vile. Kilichokiweka kitabu hiki ni kuwa maneno yake yalipata kazi nje ya jela. “Mamba” lilitungwa juu ya jitu lenye nguvu lisilodhani kuwa nalo lina siku yake; nani hapa mjini ambaye hajapata kukutana na mamba wa aina yake, ofisini, sokoni au katika jamaa zake? “Siwati” ni shairi la mtu anayekataa kuuacha msimamo wake. Nalo huhitajiwa na kila mtu aliyewahi kuombwa na wampendao alegeze kamba kwa ajili ya salama.

Kukaa si kukubali

Hapa pana jambo ambalo aghalabu hukosewa. Watu hudhani kuwa kitabu kinachomkaa mtu ni kile anachokubaliana nacho. Tazama Utendi wa Mwana Kupona. Bibi huyu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siu, aliutunga mwaka 1858 hali ni mgonjwa, akamuusia binti yake Mwana Hashima juu ya dini, adabu na kuishi na mume. Baada ya miaka zaidi ya 160 wako mabinti wausomao kwa machozi, na wako wausomao kwa hoja, wakiuliza kwa nini wasia wa mume kwa mke haukutungwa kwa urefu huo huo. Wote wawili utendi umewakaa. Anayebishana na Mwana Kupona usiku kucha yu pamoja naye kuliko yule aliyemsifu kwa insha ya mtihani akamuacha.

Al-Inkishafi nayo ni hivyo hivyo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipoutunga, mwanzo mwanzo wa karne ya 19, aliuelekeza moyo wake mwenyewe, akauonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na fahari yakageuka magofu. Mama asema na bintiye, mtu asema na moyo wake. Hapana anayehutubia umati. Na kwa kuwa kuna mtu hasa anayeambiwa, kila asomaye huona kuwa huenda aliyekusudiwa ni yeye.

Inapotoka sauti

Basi tukikusanya haya tunaona kuwa kitabu humkaa mtu kwa mambo mawili: kiwe kimemwambia yeye, na maneno yake yawe yamepita kinywani mwake. La kwanza ni kazi ya mtungaji. La pili ni kazi yetu, na ndilo lililo hatarini.

Marehemu Ahmad Nassir Juma Bhalo alipotoa Malenga wa Mvita mwaka 1971, wengi hawakuinunua diwani. Lakini tungo zake ziliimbwa na binamu yake, marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, na kwa njia ya kaseti zikaingia majumbani ambamo hapana rafu ya vitabu. Sauti ilimaliza kazi ambayo duka la vitabu lisingeweza.

Leo mtoto wa Makadara husoma zaidi kuliko babu yake kwa idadi ya kurasa. Husoma kimya, mara moja, akiwinda alama. Na siku ya pili ya mtihani kitabu huuzwa au hupewa mdogo wake. Si kosa la mtoto, wala mtihani si adui. Lakini ikiwa nyumbani hapana aliyemsomea ubeti, wala barazani hakusikia mtu akijibu hoja kwa shairi, atajua wapi kuwa maneno yale ni chombo cha kutumia? Maandishi ya wazee wetu yaliyohifadhiwa London yako salama na mchwa. Ubeti uliokosa kinywa Mvita hauna wa kuuhifadhi.

Dawa yake haina gharama. Jioni moja, baada ya isha, simu zikiwekwa kando, mkubwa wa nyumba achukue kitabu kimoja, kiwe cha Muyaka, cha Mwana Kupona, au kingine chochote kilichowahi kumliza au kumuudhi, asome kurasa 2 kwa sauti na watoto wasikie. Asiwaulize maswali. Kesho asome tena. Siku mmoja wao atakapomjibu mwenziwe kwa maneno ya kitabu kile, hata kwa utani, ajue kuwa chuo kimepata pa kukaa.