Mama amekusahau, lakini anajijua

Swali linalorudi mara kwa mara katika barua za wasomaji ni hili: mama mzee amesahau majina ya wanawe, na kila asubuhi anataka kwenda kufungua duka alilolifunga zamani. Je, huyu bado ni yeye? Wengi wameshajibiwa na majirani kwamba amerogwa, au ana shetani. Hapana. Ubongo wake unaugua.

Mwaka 1981, mwanamume mmoja wa Toronto, Kanada, anayejulikana kitaalamu kama K.C., alipata ajali ya pikipiki. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza matukio, iliharibika vibaya pande zote mbili. Tangu hapo hakukumbuka tukio hata moja la maisha yake, ingawa chesi aliendelea kuicheza. Ajali ilimbadilisha tabia pia: aliyekuwa mchangamfu akawa mpole na mkimya. Mwanasaikolojia Endel Tulving alimpa orodha ya sifa ajipime, na mama yake naye akampima. K.C. akajieleza jinsi alivyokuwa baada ya ajali, na mama akaafikiana naye. Alijua kwamba ni mpole bila kukumbuka siku hata moja ya upole wake! Kumbe ukiulizwa u mtu wa namna gani, ubongo haupekui matukio moja moja. Tayari umeshaweka muhtasari wa tabia yako mahali pengine, kama muuza duka anayewajua wasiolipa hata daftari la madeni likiungua.

Lakini muhtasari huo unaweza kuacha kusahihishwa. Mwanasaikolojia Stanley Klein na wenzake walimpima K.R., bibi mwenye ugonjwa wa Alzheimer. Yeye alijieleza vizuri kabisa, ila kama alivyokuwa kabla ya kuugua. Pengine ndiyo sababu mama anadai duka lake: hasemi uongo, na wala si mwingine anayesema kinywani mwake.

Kwa kuwa huu ni ugonjwa wa ubongo, anayewauzia dawa ya "kurudisha akili" anawaibia, na anayemtaja mzee kuwa mchawi anamhatarisha. Nchini Tanzania vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo.

Mpelekeni hospitali mapema: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na maambukizi huweza kuleta hali inayofanana na hii, na vinatibika. Acheni kumtahini kwa "unanikumbuka?" Jitajeni majina, kisha mwulizeni kuhusu duka lake.