Asiyekuwepo na lake halipo: Wakulima wa Lushoto na miradi ya wanafunzi wa uhandisi

Na Mwandishi Maalumu

MKULIMA wa kabichi katika milima ya Lushoto husafirisha mazao yake mara mbili. Safari ya kwanza ni ya kutoka shambani hadi barabarani, mzigo ukiwa kichwani kwa mtu. Ya pili ni ya lori, kutoka Lukozi au Soni, kupitia kona za Mombo hadi Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Safari ya pili husemwa sana katika vikao: ubovu wa barabara za vijijini, bei ya mafuta, ushuru. Ya kwanza haina msemaji, ingawa ndiyo inayoamua kama mzigo utawahi lori au utalala kando ya barabara. Mfanyabiashara mdogo aliyenunua mboga shambani anaijua hasara yake kama mkulima anavyoijua.

Kuna wakati tatizo la aina hiyo lilipata msemaji hapa hapa Usambara. Enzi za Wajerumani, karibu na mwaka 1910, kampuni ya mbao ya Wilkins & Wiese ilikuwa ikivuna miti ya mwangati huko Shume, juu mlimani, wakati reli ya Tanga ilipita chini, Mkumbara. Kampuni ililipa wahandisi, nao wakajenga njia ya kamba ya chuma yenye urefu wa takribani kilomita 9, ikining'inia juu ya makorongo hadi stesheni. Mbao zikashuka bila kubebwa na mtu. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kabichi bado inabebwa kichwani.

Sababu si kwamba kabichi ni ngumu kuliko mbao. Mbao zilikuwa na kampuni iliyojua shida yake, ikaiandika na kuigharimia. Hali ni hiyo hiyo leo katika vyuo vyetu vikuu.

Kampuni hupata nini?

Mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na vyuo vingine hufanya mradi katika mwaka wake wa mwisho. Hutafuta tatizo, hupima, huchora, mara nyingi hutengeneza kifaa cha majaribio, kisha huandika ripoti na kuitetea mbele ya walimu wake. Chuma, beringi, kuchomelea na nauli vyote vinahitaji fedha.

Hapo ndipo kampuni inapoingia. Hutoa fedha au vifaa, humfungulia mwanafunzi milango ya kiwanda, na mwanafunzi hushughulikia tatizo la kiwanda hicho. Kampuni hupata ufumbuzi kwa gharama ndogo. Hupata pia jicho la mwalimu anayemsimamia kijana, na nafasi ya kumjua kijana huyo kabla ya kumwajiri. Huo si ufadhili wa huruma, ni biashara, na hakuna ubaya ndani yake.

Shida ni kwamba mwenye fedha ndiye anayechagua swali. Nchini Uganda, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walitengeneza gari la umeme, Kiira EV, lililojaribiwa barabarani mwaka 2011. Serikali iliweka fedha, kazi ikaendelea hadi kuwa kampuni ya Kiira Motors, na mwaka 2016 likazinduliwa basi la Kayoola. Serikali ilitaka magari, na wahandisi wakafanya kazi ya magari.

Mfano wa pili uko Arusha. Jodie Wu, aliyekuwa mwanafunzi wa uhandisi katika chuo cha MIT cha Marekani, alishughulikia kifaa cha kupukuchua mahindi kinachofungwa kwenye baiskeli, na mwaka 2009 akaanzisha kampuni ya Global Cycle Solutions. Baadaye kampuni iliingia pia katika biashara ya taa za umeme wa jua. Kwa jicho la uchumi, kifaa cha kupukuchua kina kazi wiki chache za mavuno, bali taa huwashwa kila usiku. Kabla ya kugharimia kifaa chochote, mkulima ajiulize: kitafanya kazi siku ngapi kwa mwaka?

Swali la kupeleka chuoni

Kubeba mboga hadi barabarani ni kazi ya karibu mwaka mzima, hasa kwenye mabonde yanayomwagiliwa. Nchini Nepal, ambako milima ni mikali kuliko yetu, wakulima kadhaa wamesaidiwa na shirika la Practical Action kujenga njia za kamba zisizotumia dizeli wala umeme. Toroli lenye mazao hushuka kwa uzito wake na kulivuta juu toroli la pili lenye mzigo mwepesi, kama mbolea au chumvi. Mzigo unaoshuka huwa takribani mara 3 ya unaopanda, na mtu mmoja husimamia breki.

Je, itafaa Lushoto? Pale ambapo shamba liko juu ya barabara, inawezekana. Lakini mashamba mengi ya mboga yako bondeni, na barabara iko juu yake. Hapo uzito haukusaidii, utahitaji injini, na hesabu hubadilika kabisa. Kujua ni korongo lipi linafaa na lipi halifai ni kazi inayomtosha mwanafunzi kwa mwaka mzima.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano, na kila kikundi kiweke bei za kijijini kwake. Wakulima 40, kila mmoja akitoa mizigo 20 kwa msimu, na kila mzigo ukibebwa kwa shilingi 1,000, hulipa shilingi 800,000 kwa msimu mmoja. Wakichangia shilingi 15,000 kila mmoja, hupata shilingi 600,000 za nauli, chakula na vifaa vya majaribio vya mwanafunzi. Huo ni mchango usiofikia gharama ya ubebaji wa msimu mmoja.

Tusidanganyane. Fedha hizo hazitajenga kamba. Zitaleta vipimo, michoro, kielelezo kidogo na makisio ya gharama. Lakini hizo ndizo karatasi ambazo benki au halmashauri huuliza kwanza, ikiwamo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Vikundi vifanye nini?

Kwanza, andikeni tatizo kwa ukurasa mmoja: umbali, mwinuko, idadi ya mizigo kwa wiki, gharama ya kubeba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, pelekeni barua kwa mkuu wa idara ya uhandisi mapema. Mwaka wa masomo kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba, hivyo barua ifike Agosti au Septemba, kabla wanafunzi hawajachagua miradi. SUA si mgeni kwetu: msitu wa Mazumbai, hapa hapa Usambara, uko chini yake.

Tatu, andikianeni mkataba: nakala ya michoro na kielelezo vibaki kijijini, na malipo yatolewe kwa awamu kadiri kazi inavyokwenda.

Nne, fundi wa kuchomelea wa kijijini awemo tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi atahitimu na kuondoka, bali kifaa kitaharibikia kwenu.

Tano, msijenge kitu cha kubeba mizigo mizito kwa mchoro wa mwanafunzi pekee. Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aukague kwanza, na mtu yeyote asipande kwenye toroli la mizigo.

Ni kweli kwamba miradi mingine itashindwa. Lakini kikundi kitakachoambiwa kwa vipimo kwamba korongo lake halifai kitakuwa kimeokoa mamilioni ambayo kingeyafukia humo. Ratiba ya vyuo haitungoji. Kikundi ambacho barua yake haitafika mezani Septemba hii kitasubiri mwaka mzima, na mizigo yake itaendelea kupanda kichwani.