Msaidizi wa Kisheria Katika Ofisi ya Kaunti

Wengi waingiapo katika ofisi ya Mwanasheria wa Kaunti hukutana kwanza na mtu aliyeketi mbele ya majalada, nao humwita wakili. Sivyo. Huyo ni msaidizi wa kisheria.

Sheria ya mwaka 2020 iliziwekea kaunti zote 47 za Kenya ofisi ya mwanasheria wa kuzishauri na kuzitetea. Msaidizi hasemi mbele ya hakimu wala hatii sahihi hati za utetezi. Kazi yake ni karatasi na tarehe.

Tuseme trekta la kaunti limebomoa ukuta wa mtu, naye ameshtaki. Hati ya mahakama ifikapo, msaidizi huipiga muhuri siku ile ile, huifungulia jalada, kisha humtafuta dereva apate maelezo yake. Kaunti ikisha kuuitikia mwito wa mahakama, ina siku 14 za kuleta utetezi. Karatasi ikilala kabatini (na karatasi hupenda kulala), kaunti yaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, na fidia ikatoka katika fedha za dawa na barabara.

Mwenye ukuta naye ana hesabu yake: madai ya namna hiyo dhidi ya serikali hufunguliwa kabla ya miezi 12 kupita. Lakini asimwombe msaidizi yule shauri, maana yeye aitumikia kaunti. Jibu la haki ni kumwelekeza kwa wakili wake mwenyewe, au, akiwa hana uwezo, kwa Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.