Je, Wajua? Wadudu wa Miti ya Bustani

Mpapai umepauka, mchungwa umejikunja majani, mwembe unaangusha matunda machanga. Kabla hujafungua chupa ya dawa, mjue kwanza anayekula mti wako.

Masizi si ugonjwa. Je, wajua kwamba weusi unaofunika majani ya mchungwa ni ukungu tu, unaoota juu ya majimaji matamu? Majimaji hayo hudondoshwa na vidukari, vidung'ata, nzi weupe au wadudu gamba waliojificha juu yake. Geuza majani ya juu, uwatafute huko. Wakiisha, masizi hukosa chakula na hubanduka yenyewe.

Sisimizi ni wachungaji. Ukiona msafara wao unapanda shina, juu kuna mifugo. Hunywa utamu wa vidukari na kuwafukuzia maadui. Zungusha shinani utepe wa plastiki uliopakwa grisi, bila grisi kugusa gome, kisha pogoa matawi yanayogusa ukuta au ua. Ukisahau hilo la pili, watapitia huko.

Kidukari jike hana haja ya dume. Penye joto huzaa watoto hai, majike watupu, nao huzaliwa wakiwa na vijusi tumboni. Ndiyo maana wachache wa wiki iliyopita leo wamejaa tawi zima. Kagua vichipukizi kila wiki. Walio wachache wapondeponde kwa vidole.

Si kila cheupe ni adui. Mabuu ya baadhi ya wadudu kibibi, wale mbawakawa wadogo wa mviringo, hujifunika nta nyeupe na kufanana kabisa na vidung'ata wanaowala. Mguse kwa kijiti: kidung'ata hujikokota, buu hutimua mbio. Mwenye mbio mwache afanye kazi.

Wapo wadudu wasio na miguu. Baadhi ya wadudu gamba majike wakishachagua mahali pa kunyonya hupoteza miguu na kuishi chini ya ngao yao hadi kufa. Dawa nyingi hazipenyi ngao hiyo. Watoto wao, ambao bado wanatambaa, ndio wepesi kuua. Wakubwa wasugue kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni.

Sabuni huua ikiwa mbichi tu. Vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji isiyo kali kwa lita moja ya maji hutosha kwa vidukari na nzi weupe, mradi iwafikie miilini. Ikishakauka haina nguvu tena. Pulizia jioni, chini ya majani hasa, na ujaribu kwanza kwenye majani machache. Jua kali huweza kuyaunguza.

Utitiri si mdudu. Una miguu minane, ni jamaa wa buibui, hivyo dawa nyingi za wadudu haziudhuru. Huua maadui zake, nao ukazidi kuzaana. Gonga tawi juu ya karatasi nyeupe. Vinukta vikianza kutembea, umeupata. Hupenda kiangazi na vumbi, kwa hiyo anza kwa kuosha majani kwa maji yenye msukumo.

Kinyesi cha ndege kinaweza kula mlimau wako. Kiwavi mchanga wa kipepeo wa michungwa hujigeuza mfano wa kinyesi ili ndege wampite. Akikua huwa wa kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili zenye harufu kali. Kwenye mche mchanga mwokote kwa mkono. Mti mkubwa hauna shida naye.

Nzi wa maembe alitoka Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003, kisha akaenea sehemu kubwa ya Afrika. Funza wakishakuwa ndani ya embe, dawa ya juu haisaidii. Okota kila siku matunda yaliyoanguka, yafunge kwenye mfuko mweusi na uuanike juani. Ukiyatupa jalalani, umewapa nafasi ya kuingia udongoni na kutoka wakiwa nzi.

Adui yake naye aliletwa. Mwaka 2006 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilileta kutoka Hawaii nyigu mdogo, *Fopius arisanus*, anayetaga ndani ya mayai ya nzi huyo. Nyigu huyu hadungi watu, lakini dawa ya kuua kila kitu humwua naye pia.

Majimoto ni walinzi wa minazi. Katika miaka ya 1950, mtafiti M. J. Way alionyesha kuwa Zanzibar sisimizi hao wekundu, washonao majani kwa nyuzi za mabuu yao, huikinga minazi dhidi ya mdudu mnyonya nazi changa, ambaye baadaye alipewa jina lake: *Pseudotheraptus wayi*. Wana kasoro mbili: wanauma, na nao huchunga wadudu gamba.

Wachina walitangulia. Kitabu kinachonasibishwa na mwaka 304 kinataja viota vya sisimizi wa jamii ya majimoto vilivyouzwa sokoni kusini mwa China ili kulinda michungwa. Wenye bustani wa huko walilipa fedha kuwapata. Wewe huenda unao bure mwembeni, na ndio uliotaka kuwapulizia dawa.