Kadi ya mtandao kwa kompyuta ya zamani: usinunue kama nilivyonunua mimi

Leo naongelea kitu kilichonila hela mara mbili.

Ofisini natumia kompyuta ya mezani ya mtumba. Picha za bidhaa, oda, madeni, vyote viko humo. Siku moja ikapiga radi, kesho yake sehemu ya kuchomeka waya wa intaneti imekufa. Nikakimbia kununua kadi ya mtandao bila hata kufungua mashine. Kufika nayo, haingii! Muuzaji akagoma kurudisha hela. Siku mbili nahangaika na simu, wateja wawili wakaenda kwingine.

Kabla hujatoa hela, fanya hivi:

1. Hakikisha tatizo ni kadi. Jaribu waya mwingine na tundu jingine la ruta. Unaweza kukuta ni waya tu umekatika.

2. Angalia sloti. Zima, chomoa umeme, fungua ubavu. Sloti ya PCI ni ya kizamani, ndefu kama sentimita 8 na nusu, mara nyingi nyeupe. PCI Express ndogo ni fupi, kama sentimita 2 na nusu. Hizi mbili haziingiliani. Mimi nilinunua PCI, mashine yangu ina PCI Express tu. Ila kadi fupi ya PCI Express inaingia pia kwenye sloti ndefu ya PCI Express. Piga picha, nenda nayo dukani.

3. Kompyuta yako ni nyembamba? Omba kadi yenye bati fupi la nyuma, la sivyo kava halitafunga.

4. Ulizia draiva. Taja Windows yako. Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020, kwa hiyo kadi nyingine mpya haziisomi. Pakua draiva mapema, weka kwenye flashi, maana bila kadi hutakuwa na mtandao wa kupakulia.

5. Usilipie kasi usiyonayo. Kifurushi chako kama ni Mbps 20, kadi ya 100 inatosha kabisa. Chukua ya 1000 kama unahamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta zako, na ruta nayo iwe ya 1000.

6. Ruta iko mbali? Chukua ya waifai. Mawimbi ya 2.4 GHz yanapenya ukuta vizuri zaidi, ya 5 GHz yana kasi lakini hayafiki mbali. Ya kuchomeka kwenye USB haihitaji kufungua mashine. Ruta ikiwa karibu, waya ndio mpango, haukatikikatiki.

La mwisho, muulize muuzaji kabla ya kulipa: "Isipoingia, unanibadilishia?" Akisita, nenda duka la pili.

Hujui sloti yako ni ipi? Weka picha hapa chini, tusaidiane.